Huzuni ya mzazi na jeni za mtoto mchanga: kilichopimwa na kinachosemwa

Ndugu Mhariri,

Habari kwamba msongo wa mawazo wa mzazi "huandikwa" kwenye jeni za mtoto kabla hajazaliwa zimeenea mno siku hizi, redioni, kwenye simu na hata kwenye mafunzo ya wajawazito. Zina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba zinapomfikia mama aliyeketi kwenye benchi la kliniki zinakuwa zimegeuka hukumu: ulilia sana ukiwa mjamzito, basi mtoto wako umemharibu. Sayansi haijasema hivyo. Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tueleze ni nini hasa kilichopimwa, tofauti iliyoonekana ni kubwa kiasi gani, na ni lipi kliniki zetu zinaweza kulifanya wiki hii bila kungoja maabara yoyote.

Tuanze na alama yenyewe. Jeni ni mpangilio wa herufi nne za kemikali: A, T, C na G. Huzuni haibadilishi herufi hizo. Kinachoweza kuongezeka au kupungua ni methili, kikundi kidogo cha kaboni moja na haidrojeni tatu kinachojishikiza kwenye herufi C, hasa pale C inapofuatwa na G. Vinasaba vya binadamu vina sehemu za namna hiyo zipatazo milioni 28. Methili zikijaa kwenye eneo la kuwashia jeni, mara nyingi jeni hiyo husomwa kwa uchache. Wala methili si uchafu. Seli ya ini na seli ya ubongo za mtoto mmoja zina herufi zilezile. Alama hizi ni miongoni mwa vitu vinavyoifanya moja iwe ini na nyingine iwe ubongo. Kwa hiyo mtu akikwambia mtoto wako "amekutwa na alama za epijenetiki", yaani alama kama hizi za methili, muulize nani asiye nazo.

Njia ya kutoka kwa mama hadi kwa mtoto inayotajwa zaidi ni ile ya kotisoli, homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo huitoa mtu anapobanwa na jambo. Mama akiwa kwenye msongo, kotisoli yake hupanda. Lakini haimiminiki yote kwa mtoto. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachogeuza sehemu kubwa ya kotisoli kuwa kotisoni, ambayo haina nguvu ile, ndiyo maana kotisoli ya kijusi huwa ndogo mara kadhaa kuliko ya mama. Wakunga wanalijua jambo hili kwa upande wake wa pili: deksamethasoni anayochomwa mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati humfikia mtoto na kukomaza mapafu yake kwa sababu kimeng'enya hicho hakiivunji vizuri. Dhana ya watafiti ni kwamba msongo mkali wa muda mrefu hupunguza kazi ya kimeng'enya hicho, na kotisoli nyingi zaidi ikapenya.

Ikishapenya, inakutana na kipokezi chake, kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo NR3C1, iliyoko kwenye kromosomu ya 5. Ndani ya ubongo kipokezi hiki hufanya kazi ya breki: kotisoli ikikishika, ubongo hupata taarifa kwamba imetosha, na uzalishaji hushuka. Methili zikiongezeka mahali pa kuwashia NR3C1, vipokezi vinatarajiwa kupungua na breki kulegea. Tafiti nyingi za watoto wachanga zimejengwa juu ya sentensi hiyo moja, na ndiyo sababu jeni hii imechunguzwa kuliko nyingine zote.

Sentensi hiyo ilitoka kwa panya. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walionyesha kwamba panya waliolambwa na kusafishwa sana na mama zao katika wiki ya kwanza ya maisha walikuwa na methili chache kwenye jeni hiyo, katika eneo la ubongo liitwalo hipokampasi, kuliko wale ambao mama zao hawakuwajali sana. Watoto wa panya walipobadilishwa mama, alama zilifuata mama mlezi, hazikumfuata mama mzazi. Na panya walipokuwa wakubwa, dawa iliyowekwa kwenye ubongo iliweza kuziondoa tofauti hizo. Hayo mawili ya mwisho, kwamba malezi ndiyo yaliyohesabika na kwamba alama zinarudi nyuma, husikii yakitajwa zinapotolewa habari za kutisha.

Mwaka 2008 ikaja kazi ya Vancouver, Kanada. Watoto 82 walichukuliwa damu ya kitovu. Wale ambao mama zao walikuwa na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba walikuwa na methili zaidi kidogo kwenye sehemu fulani ya NR3C1, iwe mama alikuwa anatumia dawa za sonona au hatumii, na walipopimwa wakiwa na miezi mitatu kotisoli yao ilipanda zaidi walipopewa jambo la kuwasumbua kidogo. Baadaye, mwaka 2015, tafiti saba zenye jumla ya watu 977 zilikusanywa pamoja, na sehemu moja ya jeni hiyo ikaonekana kweli kuhusiana na msongo wa mama wakati wa mimba. Hatuwezi kusema hakuna kitu.

Karibu zaidi na wasomaji wako ni Goma, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya hospitalini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima akina mama 25 na watoto wao waliozaliwa huko, mashariki mwa Kongo, wengi wakiwa wamepitia vita, kufukuzwa makwao na ubakaji. Msongo wa mama uliambatana na uzito mdogo wa mtoto wakati wa kuzaliwa na methili zaidi kwenye NR3C1 ya mtoto. Watafiti hawakubeba dodoso la Ulaya wakaliweka mezani tu. Walitumia vipimo vya msongo vinavyolingana na maisha ya pale, jambo ambalo tafiti nyingi huliruka. Kazi iliyofuata, ya mwaka 2016, iliongeza jeni nyingine za mfumo huohuo na kuangalia damu ya mama, damu ya kitovu na kondo la nyuma.

Tunaiheshimu kazi ya Goma, na kwa heshima hiyohiyo tunasema watu 25 ni wachache. Vita haviji peke yake. Vinakuja na njaa, malaria isiyotibiwa, kliniki iliyofungwa na usingizi wa vipande. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kupunguza uzito wa mtoto, na baadhi vinaweza kugusa methili. Kwa watu 25 huwezi kuvitenganisha kwa hesabu, hata uwe bingwa wa takwimu namna gani. Halafu kuna Rwanda. Mwaka 2014 walichapishiwa matokeo wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, pamoja na watoto wao waliokwisha kuwa wakubwa, wakilinganishwa na wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati huohuo bila kuyapitia mauaji hayo. Methili za NR3C1 zilikuwa juu kwa mama na kwa mtoto. Kotisoli, hata hivyo, ilikuwa chini. Hoja ya breki iliyolegea ingetaka iwe juu. Kuna maelezo yanayotolewa, kwamba mwili uliozidiwa kwa miaka mingi hubadili mwelekeo, na huenda ni kweli. Ila nadharia inayokubali matokeo ya juu na ya chini kwa pamoja inahitaji kuangaliwa kwa jicho kali.

Sasa njoo kwenye tafiti kubwa, ambazo magazeti hayazipendi kwa sababu hazina kichwa cha habari. Mwaka 2016 timu mbili, moja ya Rotterdam, Uholanzi, na nyingine ya eneo la Bristol, Uingereza, ziliunganisha vipimo vya watoto wachanga zaidi ya 1,700 na kupekua mamia ya maelfu ya sehemu za vinasaba zikitafuta alama ya msongo wa mama. Hawakupata hata sehemu moja iliyovuka kipimo cha uhakika. Linganisha na sigara. Mwaka huohuo, muungano wa tafiti 13 wenye watoto wachanga 6,685 ulikuta sehemu zaidi ya 6,000 zinazotofautiana kati ya watoto wa mama wavutaji na wasiovuta, na nyingine ziliendelea kuonekana hata utotoni. Mashine ni aina ileile, damu ni ya kitovu ileile. Sigara inaacha alama ambayo maabara yoyote nzuri itaiona. Huzuni ya mama, ikiwa inaacha alama kwenye damu ya mtoto, ni hafifu.

Kwa nini tafiti ndogo hupata na kubwa hukosa? Sababu ni kadhaa, na ya kwanza ni hesabu tupu. Chipu, kile kifaa kidogo cha maabara cha kusomea methili, iliyotumika kwa miaka mingi husoma sehemu zipatazo 450,000. Ukikubali kosa la asilimia 5 kwa kila sehemu, utapata "matokeo" 22,500 hata kama hakuna chochote. Ndiyo maana kipimo cha uhakika huwekwa kwenye kosa moja kati ya milioni kumi badala ya matano kati ya mia. Anayechunguza jeni moja tu hukwepa adhabu hiyo, lakini naye huwa na sehemu 30 au 40 ndani ya jeni hiyohiyo, akina mama wenye vipimo vitatu vya huzuni, na vipindi vitatu vya mimba. Zidisha, uone ni nafasi ngapi za kubahatisha alizojipa.

Ya pili ni damu yenyewe. Damu ya kitovu ni mchanganyiko wa seli nyeupe za aina mbalimbali, pamoja na seli nyekundu changa ambazo bado zina kiini, kitu ambacho damu ya mtu mzima mwenye afya haina. Kila aina ya seli ina mpangilio wake wa methili. Mama akiwa na msongo, akapata maambukizi au akajifungua mapema kidogo, uwiano wa seli hizo hubadilika, na kipimo kitaonyesha "tofauti ya methili" ilhali hakuna seli hata moja iliyobadilika. Ni idadi tu ya kila aina iliyobadilika. Kuna njia za kusahihisha kwa hesabu, na tangu mwaka 2016 zipo zilizotengenezwa mahsusi kwa damu ya kitovu. Ukisoma utafiti usiozitumia, usimame hapohapo. Na hata ukisahihisha vizuri, bado umesoma damu. Panya wa Montreal walisomwa ubongo. Ubongo wa mtoto mchanga aliye hai hausomwi.

Uchukuaji wa sampuli nao una mitego yake, na tunautaja kwa kuwa vyuo vyetu vimeanza kukusanya damu ya kitovu kwa kazi kama hizi. Sindano ichomwe kwenye mshipa mkubwa wa kitovu upande wa kondo, baada ya kitovu kubanwa na kukatwa na baada ya kukipangusa, la sivyo damu ya mama itaingia na utakuwa unapima mama ukidhani ni mtoto. Tumia chupa ya EDTA, ile yenye kifuniko cha zambarau. Heparini, kizuia damu kuganda cha chupa za aina nyingine, huvuruga hatua ya kuzidisha DNA, yaani vinasaba vyenyewe. Geuza chupa taratibu mara nane hadi kumi, usiitikise. Igandishwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na isiyeyushwe na kugandishwa tena na tena. Maabara huichovya DNA kwenye kemikali ya baisalfaiti, ambayo hubadili C zisizo na methili, ila zile zenye methili huziacha kama zilivyo. Ubadilishaji usipokamilika, C tupu husomeka kama zenye methili na matokeo yanavimba. Sampuli za mama wenye huzuni na wasio na huzuni zichanganywe kwenye kila sahani ya mashine. Ukiweka kundi moja Jumatatu na jingine Alhamisi, utagundua tofauti kati ya Jumatatu na Alhamisi. Na jambo moja hatutalilegeza: Shirika la Afya Duniani linataka kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita. Mtafiti anayemhimiza mkunga kubana haraka ili apate damu ya kutosha anamnyang'anya mtoto madini ya chuma kwa ajili ya makala.

Ya tatu ni ukubwa wa tofauti. Kwenye NR3C1 tofauti zinazoripotiwa kwa watoto wachanga mara nyingi ni za asilimia chache tu, na kwa mtoto mmoja mmoja makundi mawili yanaingiliana karibu kabisa. Hakuna kipimo cha hospitali, hapa wala Ulaya, kinachoweza kuchukua tone la damu ya mwanao na kusema kama ulikuwa na huzuni au atakuwa mtoto wa hasira. Atakayekuuzia kipimo hicho, bakia na pesa yako.

Na baba? Yeye hutajwa mwishoni kila mara, nasi tumefanya vivyo hivyo. Kwa panya dume, msongo hubadilisha molekuli ndogo za RNA, jamaa wa kemikali wa DNA, ndani ya mbegu. Huko Zurich mwaka 2014 RNA ya mbegu za panya waliotaabishwa ilidungwa kwenye mayai yaliyorutubishwa na watoto wakaonyesha baadhi ya tabia za baba zao. Kwa binadamu ushahidi wa njia hiyo bado ni mchanga, na methili nyingi zinazoletwa na mbegu hufutwa siku chache baada ya mimba kutungwa. Baba ana njia nyingine, fupi zaidi: anaishi nyumba moja na mama. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2010 ulikuta takriban baba mmoja kati ya kumi ana dalili za sonona kuanzia mimba hadi mwaka wa kwanza wa mtoto, na kilele kilikuwa kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya kuzaliwa. Ni miezi ambayo kliniki haimwoni kabisa. Akiwa na sonona hulewa, hufoka, hunyamaza, au hupotea na pesa ya matumizi, na msongo wa mama unaanzia hapo. Moshi wa sigara anaouvuta mama kutoka kwa mume wake nao haupaswi kusahauliwa na anayezungumzia jeni za mtoto.

Ndugu Mhariri, haya yote yanatufikisha kwenye kazi isiyohitaji chipu. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Ni kama mama mmoja kati ya sita, kisha mmoja kati ya watano. Mjamzito hupimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, kaswende, VVU. Huulizwa mara ngapi kama analala?

Kipimo cha Edinburgh, dodoso la kuchuja sonona kwa wajawazito na waliojifungua, kina maswali kumi tu, kilichapishwa mwaka 1987 na kipo kwa Kiswahili. Kinauliza siku saba zilizopita. Kila swali lina majibu manne yenye alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 30. Hakihitaji daktari, mkunga anakimaliza kwa dakika tano hadi kumi. Lakini kinakosewa, na kinakosewa kwa namna zilezile kila mahali. Kosa la kwanza ni ujumlishaji: maswali ya 1, 2 na 4 huanza na sifuri jibu la juu kabisa, yaliyobaki saba huanza na tatu. Anayehesabu yote kwa mwelekeo mmoja humfanya mama mzima kuwa mgonjwa na mgonjwa kuwa mzima. Kosa la pili ni kumuuliza mama mbele ya mume, mama mkwe au foleni. Atajibu "mzima tu", na huwezi kumlaumu. Asiyesoma asomewe maswali faraghani, yote kumi, kwa maneno yaleyale, bila muuguzi kumsaidia jibu kwa kusema "lakini unacheka si ndiyo?" Kosa la tatu ni kumuuliza siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua, wakati akina mama wengi mno hububujikwa na machozi kwa kushuka kwa homoni na hali hiyo kwisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Wakati mzuri ni mara moja mapema katika mimba, mara moja miezi mitatu ya mwisho, na wiki sita baada ya kujifungua, siku ambayo mtoto anakuja kwa chanjo hata hivyo.

Alama 10 hadi 12, zungumza naye, mrudishe baada ya wiki mbili, pima tena. Alama 13 na kuendelea, apelekwe kwa anayeweza kuthibitisha ugonjwa. Kipimo hiki huchuja, hakitambui ugonjwa. Swali la 10, linalohusu mawazo ya kujidhuru, halingoji hesabu hiyo: jibu lolote lisilo sifuri lishughulikiwe kabla mama hajatoka mlangoni, hata kama jumla yake ni 4. Muulize waziwazi kama ana mpango, ana kitu cha kutumia, na nani yuko nyumbani. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Hapa sheria inatuharibia. Tanzania bado ina kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu chao cha 226 kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Kuwa na mawazo hayo si kosa popote, na muuguzi amwambie mama hivyo kabla ya kuuliza, kwa sababu mama anayeogopa polisi atajibu sifuri.

Utasikia wakisema: tukimpata mwenye sonona tutampeleka wapi, wataalamu hawapo? Pakistan walikuwa na swali hilohilo. Wahudumu wa afya ya jamii, wanawake wa vijijini wasio na shahada yoyote ya saikolojia, walifundishwa mazungumzo ya vikao 16: kimoja kila wiki kwa wiki nne za mwezi wa mwisho wa mimba, vitatu mwezi wa kwanza baada ya kujifungua, kisha kimoja kila mwezi kwa miezi tisa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008 lenye wanawake 903, wote wakiwa na sonona mwanzoni, miezi sita baada ya kujifungua waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23 kwa waliopata vikao na asilimia 53 kwa waliotembelewa tu bila vikao hivyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2015, bila malipo. Mhudumu wa ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza chandarua na choo anaweza kuufundishwa. Anachofanya humo ni cha kawaida: anamsaidia mama kulikamata wazo kama "mimi ni mama mbaya", kuangalia ushahidi wake, kuweka jingine mahali pake na kulifanyia jambo moja dogo kabla ya kikao kijacho.

Kuhusu dawa tuseme kwa ufupi. Mama aliyekuwa akitumia dawa za sonona asiziache ghafla kwa sababu amesoma habari za jeni. Kurudi kwa ugonjwa katikati ya mimba ni hatari iliyo wazi kuliko alama yoyote ya methili, na zipo, kama sertralini, zinazotumika hata kwa anayenyonyesha. Uamuzi aufanye na daktari wake. Kinyume chake ni valproeti ya sodiamu, inayotolewa kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka: takriban mtoto mmoja kati ya kumi walioathiriwa nayo tumboni huzaliwa na kasoro za viungo, na zaidi hupata shida ya kukua kiakili. Mwanamke anayeweza kubeba mimba hapaswi kuanzishiwa. Asiiache mwenyewe, ila aulize leo.

Wanaotaka kujua kama malezi hurekebisha alama hizo wanaweza kuangalia kazi ya Wirral, Uingereza, ambako kupapaswa na mama kulihusiana na methili ndogo za NR3C1 kwa watoto waliokuwa na mama wenye huzuni baada ya kujifungua. Ni matokeo ya kutia moyo, yenye udhaifu uleule tulioueleza. Kubebwa kifuani kuna ushahidi mzito zaidi usiohusu jeni kabisa: katika jaribio la nchi tano, Tanzania ikiwamo, lililochapishwa mwaka 2021, watoto wenye uzito wa kilo 1.0 hadi chini ya 1.8 waliowekwa ngozi kwa ngozi mara baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0 ndani ya siku 28, dhidi ya asilimia 15.7 ya waliosubiri hadi hali zao zitulie. Baba naye ana kifua.

Tunaomba gazeti lako mambo mawili. Habari ya namna hii ikija tena kutoka mashirika ya habari, mwandishi atafute na kuandika idadi ya watoto, tishu iliyopimwa, na kama utafiti mwingine umepata hivyohivyo. Na pembeni ya habari hiyo pawekwe kisanduku kidogo cha dalili za dharura, kwa kuwa kuna hali moja ambayo haina nafasi ya maswali kumi wala vikao 16. Mama mmoja au wawili kati ya kila elfu wanaojifungua hupata wazimu wa uzazi, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza: halali usiku kucha wala hahisi usingizi, anaongea yasiyoeleweka, anasikia sauti, anashuku kwamba mtoto si wake au kwamba amerogwa. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake na mtoto, na safari ya kwa mganga isitangulie.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkunga na mtaalamu wa maabara,
Dar es Salaam